Mswada wa riwaya ya Kikristo umegeuka mahubiri: unarekebishwaje?

Kalamu ya Chikundi (Masasi)

Bwana Yesu asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wanaoitikia hivyo.

Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii. Kuna mswada wa riwaya wenye maneno 38,000, sura 24. Mandhari ni kijiji kimoja wilayani Masasi, msimu wa korosho. Mhusika mkuu, Mzee Simoni, ni mzee wa kanisa na pia karani wa mzani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Kila gunia analipunja kilo chache, na usiku ananunua kangomba, yaani korosho nje ya mfumo rasmi, kwa wenye shida, kwa bakuli na kwa bei ya kutupwa. Mwishoni anatubu.

Wasomaji watatu wameurudisha mswada na neno lilelile: "Inahubiri." Sura 9 zinaishia na aya ya Biblia. Toba iko sura ya 22, usiku mmoja, baada ya mkutano wa injili.

Nauliza: mahubiri yanaondolewaje bila kuiondoa imani? Je, kanisa linapaswa kuidhinisha riwaya kabla haijauzwa? Na kazi ya kuandika upya, kuchapa na kuuza inapangwaje kwa mtu mwenye shamba na zamu ya ibada? Anayejua vipimo na hesabu anitajie vipimo na hesabu.

---

Mhariri wa Kusini (Mtwara)

Amina, asifiwe. Ndugu, mswada huu una bahati moja kubwa: dhambi yake ina kipimo. Riwaya nyingi za Kikristo huanguka kwa sababu dhambi ya mhusika haishikiki. Inaitwa "anasa" au "ulimwengu", basi. Yako inapimwa kwa kilo. Shikilia hapo.

Tafuta kwanza ugonjwa ulipo. Uchape mswada wote kwenye karatasi, uwe na kalamu mbili. Kwa nyekundu, piga mstari chini ya kila sentensi ambayo msimulizi anamfafanulia msomaji maana ya jambo lililotokea: "alijua amemkosea Mungu", "hiyo ndiyo hatari ya kupenda fedha". Kwa buluu, weka alama kila mhusika anapozungumza zaidi ya mistari minne bila kukatizwa, bila kikombe kusogezwa wala mtoto kuingia. Siku hiyo usirekebishe chochote. Ukimaliza, hesabu alama kwa kila sura. Aghalabu nyekundu hujazana kwenye kurasa mbili za mwisho, kwa kuwa mwandishi anaogopa kufunga sura kabla hajahakikisha kwamba msomaji ameelewa. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa aya zako 9.

Kisha funika kwa karatasi fungu la mwisho la kila sura, usome bila fungu hilo. Sura ikisimama, likate. Ikiyumba, jua tatizo liko katikati ya sura: kuna tukio halikuandikwa, na maelezo ya mwisho yamewekwa kuziba pengo.

Nionyeshe kwa mfano. Mtindo unaochosha ni huu:

*Mzee Simoni alijua kwamba kupunja ni dhambi, kwa maana Neno linasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Alihukumiwa sana moyoni alipomwona yule mjane maskini, lakini tamaa ya fedha ikamshinda.*

Mambo yote yamesemwa na hakuna kilichoonekana. Sasa tazama:

*Gunia la mama yule lilikuwa la mwisho. Mshale wa mzani ukatikisika, ukatulia kwenye sabini na nane. Mama hakuutazama. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa shati la Simoni, mahali kitabu cha tenzi kilipochungulia. "Wewe andika tu, Mzee," alisema, akijifunga upya kanga yake. "Kwako sina wasiwasi." Simoni akaandika sabini na tatu. Ile tatu ikatoka nene, kwa maana aliipitishia kalamu mara mbili.*

Aya ya Mithali 11:1 haimo, na kila msomaji anayeijua ataisikia. Asiyeijua naye ameona mtu akiibiwa kwa sababu ya kitabu kilichomo mfukoni mwa mwizi. Hapo imani imeingia kwenye tukio lenyewe.

Sasa toba. Mwone Zakayo katika Luka 19:8. Haelezwi alivyolia. Anatoa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila amrudishie mara nne. Mpe Simoni hesabu hiyohiyo. Tuseme msimu huu amepunja kilo 5 kwa kila gunia, magunia 60. Ni kilo 300. Mara nne ni kilo 1,200. Gunia la korosho lililojaa ni kilo 80 hivi, kwa hiyo anadaiwa magunia 15. Kama shamba lake lenyewe hutoa magunia 12 kwa mwaka mzima, hapo ndipo riwaya yako inapoanzia, na kwenye mswada wa sasa hapo ndipo inapoishia.

Uliza pia kilo zile 300 zilikwenda wapi. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho hupokelewa ghalani kwa risiti hadi mnada, korosho haiyeyuki, lazima iandikwe kwa jina la mtu. Basi aliziandika kwa jina la nani? La mpwa wake? Fedha ya mnada ikaingia kwenye akaunti ya mpwa huyo? Kumbe Simoni hawezi kutubu peke yake. Akikiri, anamfichua kijana aliyemwingiza mwenyewe, ambaye pengine ameshalipia bodaboda kwa fedha ile. Toba yenye gharama ya namna hiyo haihitaji mhubiri pembeni wa kuieleza.

Kwa hiyo ivunje sura ya 22. Dalili ya kwanza iwe sura ya 14: anaacha kupokea Meza ya Bwana bila kusema kwa nini, na mke anaona. Sura ya 17 anarudisha kilo 5 kwa siri kwa mtu mmoja, na linazuka jambo baya zaidi, yule mtu anakwenda kuwatangazia wengine "ukarimu" wake. Sura ya 20 anafungua daftari la mapokezi na kuanza kuhesabu. Mkutano wa injili ukiupenda ubaki, lakini auhudhurie akiwa ameshajua idadi ya magunia.

Na mwisho usiufunge kwa kufuli. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali la Mungu, na jibu la Yona halipo. Mfano wa mwana mpotevu unamwacha kaka mkubwa nje ya mlango, hatuambiwi kama aliingia. Esta, katika Biblia ya Kiebrania, haitaji jina la Mungu hata mara moja.

---

Mama wa Kwaya (Newala)

Naheshimu maelezo ya kaka Mhariri, ila msikate aya zote. Wasomaji wa vitabu hivi ni watu wa Neno. Wanaweka kitabu karibu na Biblia, na wengine hukisoma kwenye kikundi cha akina mama. Kitabu kisicho na aya hata moja kitaulizwa ni cha Kikristo kwa lipi.

Kipimo kizuri ni hiki: aya ibaki pale mhusika anapoihitaji kwa kazi. Bibi anayemwombea mgonjwa atasema Zaburi ya 23, ndivyo mabibi wanavyoomba. Mtoto anayejifunza kwa ajili ya kipaimara atakariri. Mtu mwenye hasira atanukuu aya vibaya ili kumchoma mwenzake, na hilo hutokea makanisani kila wiki. Aya inayoharibu ni ile inayotolewa na msimulizi, maana hakuna mtu ndani ya hadithi aliyeiomba.

Angalia na usahihi. Amua tafsiri moja na uitaje kwenye ukurasa wa hakimiliki. Union Version ina maneno yake, Habari Njema ina yake. Ukichanganya, msomaji anayejua kwa moyo atakwama kila mara. Kunukuu kifupi na kutaja chanzo kunaruhusiwa na sheria ya hakimiliki. Ukitaka kuweka zaburi nzimanzima, andika kwa Chama cha Biblia cha Tanzania, makao makuu yake yako Dodoma. Nyimbo zina mtego wake: wimbo wenyewe unaweza kuwa wa zamani sana, ulinzi wake umekwisha, lakini tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya mtu mwingine na ina haki yake. Sheria yetu ya mwaka 1999 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Beti moja iimbwe kwa mbali, au utaje tu jina la wimbo na sauti ya pili iliyopotea.

---

Katekista Mstaafu (Nyangao)

Milele amina.

Kwanza amua Simoni ni wa kanisa gani, maana sasa amechanganyika. "Mzee wa kanisa" na "mkutano wa injili" vinampeleka kwa Walutheri au Wapentekoste. Ukisema ana parokia, kigango na jumuiya ndogondogo, umemfanya Mkatoliki, na hapo cheo kinachomfaa ni mwenyekiti wa kigango. Walutheri wa KKKT wana usharika na mtaa, na kiongozi wao ni mchungaji. Halafu huko kwenu Masasi kuna jambo linalowapotosha waandishi wa mbali: Waanglikana wa huko wanasema Misa na wanamwita kasisi Padre, kwa urithi wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyofika Masasi mwaka 1876. Mwandishi wa mbali akiona "Padre" anadhani ni Mkatoliki, anampa askofu asiye wake.

Uamuzi huo unabadilisha hadithi. Simoni akiwa Mkatoliki, toba yake inapitia kitubio. Padre aliyemsikiliza amefungwa na siri ya maungamo, hawezi kumwambia mwenyekiti wa chama wala polisi wala mke wa Simoni, hata mjane akija kulia mbele yake kesho yake. Mwandishi makini ataona kuna sura nzima hapo: padre anapima korosho za sadaka kwenye mzani uleule, na anajua. Ila usimfanye atoe hata ishara. Akikunja uso tu, msomaji Mkatoliki atakifunga kitabu.

Namwongezea ndugu Mhariri: Esta ya Biblia ya Kikatoliki ina sehemu za Kigiriki zenye sala ndefu, na humo Mungu anatajwa. Mfano wake ni sahihi kwa Kiebrania.

Kuhusu idhini. Riwaya haihitaji idhini ya askofu ili ichapwe. Vitabu vya sala na vya katekesi ndivyo vinavyohitaji. Lakini ipo Kanuni ya 827 ya Sheria ya Kanisa Katoliki: maandishi yanayogusa dini au maadili yasiwekwe wala kuuzwa wala kugawiwa kanisani bila kibali cha mamlaka ya Kanisa, kiwe kimetolewa kabla au baada ya kuchapwa. Kwa hiyo kama mpango ni kuweka meza mlangoni baada ya Misa, mpelekee paroko nakala mapema na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kitabu kinahusu nini na fedha inakwenda wapi. Usimpelekee Jumamosi jioni. Kwa makanisa mengine taratibu zinatofautiana, muulize mchungaji wa mahali.

Jambo la majirani nalisema kwa uzito. Lindi na Mtwara, hasa pwani, ni nchi ya Waislamu wengi, na nyumba nyingi zina dini mbili chini ya paa moja. Riwaya ambayo kila Mwislamu ama ni mganga ama anasubiri kubatizwa ni uongo kuhusu watu hawa, na msomaji wa Mikindani ataujua uongo huo ukurasa wa kwanza. Mpe jirani Mwislamu kazi kwenye hadithi: awe ndiye shahidi mwaminifu wa mzani. Na ukiweka mwaka, angalia kalenda. Ramadhani husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2000 iliangukia mwishoni, ikaisha siku chache tu baada ya Krismasi. Nyumba yenye dini mbili mwaka ule ilikuwa na chakula cha Krismasi kilichosubiri magharibi. Kitu cha namna hiyo huwezi kukibuni, unakikuta kwenye kalenda.

Jando na unyago: andika mlango, usiandike ndani. Mama anafunga mzigo wa mtoto, nyumba inakuwa kimya, mtoto anarudi na nguo mpya na hataki tena kutumwa dukani. Yatosha. Nyimbo na mafundisho ya ndani si mali ya kuuza. Kanisa lenyewe kusini liliingia humo kwa tahadhari. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa 1926, anajulikana kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku.

---

Kalamu ya Chikundi

Asanteni wazee wangu. Simoni atakuwa Mwanglikana, basi Padre na Misa vinabaki na mkutano wa injili unatoka.

Swali dogo: kuna sura mbili za babu yake Simoni, mwaka 1905 wakati wa Maji Maji, misheni ya Nyangao inapochomwa. Babu anasoma Zaburi na analipwa shilingi. Kuna kosa?

---

Mhariri wa Kusini

Yapo mawili. Shilingi ilikuja baada ya Waingereza kuchukua nchi. Mwaka 1905 chini ya Wajerumani fedha ilikuwa rupia. Hadi 1904 rupia moja iligawanyika kwa pesa 64, kisha ikawa heller 100, na neno letu "hela" linatoka hapo. Kwa hiyo babu wa 1905 anaweza kulipwa hela mpya, na wazee wanaomzunguka bado wanahesabu kwa pesa. Ukimrudisha hadi 1882, misheni ya Masasi iliposhambuliwa na Magwangwara (Wangoni), hana hela kabisa.

La pili ni Zaburi. Union Version ni ya 1952. Biblia nzima ya Kiunguja ilikuwapo tangu 1891, maneno yake ni tofauti. Kama huna nakala ya zamani mkononi, usimpe babu maneno, mwache aimbe. Na mikorosho usiijaze kwenye sura hizo. Kama zao kubwa la biashara la kusini, korosho ilishika baada ya Vita Kuu ya Pili.

Ushauri wangu ni kuziondoa sura zote mbili. Ni nzuri, lakini zinamvuta msomaji mbali na mzani. Ziweke kando kwa kitabu kingine.

---

Mpanga Kurasa (Lindi)

Nijibu upande wa kuchapa, na hesabu zake.

Ukurasa wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Kwa herufi za ukubwa wa 11 unabeba maneno 260 hivi ya Kiswahili. Maneno 38,000 ni kurasa 146. Ongeza 8 za mwanzo unapata 154. Mashine ya ofseti hukunja kurasa 16 kwa mkupuo, kwa hiyo kitabu kitakuwa kurasa 160. Zile 6 tupu ziandikie maswali ya vikundi, maana vikundi ndio wanunuzi wako. Ukizitoa sura za babu, hesabu upya, huenda ukaokoa mkunjo mzima.

Ukingo wa ndani uwe milimita 20, wa nje 15. Kosa la kawaida ni kuacha ukingo sawa pande zote, gundi inameza mwanzo wa mistari na msomaji analazimika kukipasua kitabu ili asome.

Jalada: karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 160 ni karatasi 80, mgongo ni milimita 8. Faili la jalada zima basi lina upana wa 148 + 8 + 148, yaani 304, na ziada ya 3 kila upande ya kukatwa: 310 kwa 216. Mbunifu asiyepewa idadi ya kurasa atakisia mgongo, na jina la kitabu litapanda juu ya jalada la mbele. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa na kupoteza nukta, itume kama hati. Mwambie mbunifu abadilishe rangi kwenda CMYK, mfumo wa rangi za mtambo, kabla ya kukuonyesha, la sivyo wekundu unaong'aa kwenye simu utatoka kama tofali.

Pini zinafaa kijitabu cha kurasa hadi 80 hivi. Zaidi ya hapo ni gundi, na gundi ndiyo inayoleta malalamiko kusini. Maboksi yakikaa kwenye buti ya basi kutoka Dar es Salaam, kisha stoo ya bati, gundi dhaifu inalainika na kurasa zinatoka shada zima. Dai nakala moja ya mfano kabla kazi yote haijaanza. Ifungue katikati, ilaze kabisa, shika karatasi moja uivute kwa nguvu ya wastani. Ikitoka, usilipe salio. Nyumbani weka maboksi juu ya vibao, sentimita 10 kutoka sakafuni na mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa bahari. Usiyafunge kwenye nailoni wakati wa masika, jasho la karatasi litaleta ukungu.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nakala ya karatasi na ya kielektroniki kila moja inataka namba yake. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, na ni vizuri kufanya kabla hujatuma mswada mzima kwa watu.

Bei: tuseme nakala imegharimu 5,000 kuchapa na 500 kusafirisha. Duka likichukua asilimia 30, ukiuza 8,000 unabaki na 5,600. Faida shilingi mia. Ukiuza 10,000 unabaki na 7,000, faida 1,500. Katika nakala 200 lazima utoe bure kama 20: paroko, wahariri, maktaba, redio. Hizo zimekugharimu 110,000. Zile 180 zikiuzwa zote dukani zinaleta faida ya 270,000, kwa hiyo unabaki na 160,000. Anayekuambia riwaya moja itamjengea mtu nyumba hajapiga hesabu. Nakala unazouza kwa mkono wako ndizo zinazokuokoa, maana asilimia 30 inabaki kwako.

---

Mama wa Kwaya

Nami niseme la ratiba, maana hapo ndipo miswada mingi inapofia.

Fuata msimu, usishindane nao. Januari hadi Machi mvua zipo na palizi ipo, lakini jioni ni ndefu. Juni hadi Agosti ni salfa ya mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kazi huanza alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa hiyo usijiahidi kuandika asubuhi. Oktoba hadi Desemba ni kuokota na minada, hakuna atakayeandika. Sura zako 24, mbili kwa wiki, ni wiki 12. Anza wiki ya kwanza ya Januari, umalize mwishoni mwa Machi. Aprili mswada uwe kwa wasomaji. Mei urekebishe, Juni mhariri wa lugha, Julai kupanga kurasa, Agosti na Septemba mtambo. Vitabu viwe mkononi mwisho wa Septemba.

Sababu ya tarehe hiyo ni fedha. Mkulima ananunua kitabu baada ya malipo ya mnada kuingia benki, si siku ya mnada. Kwa upande wa Lindi ufuta hulipa mapema, kuanzia Juni au Julai, kwa hiyo toleo la pili liangalie huko. Harambee na sikukuu ya mavuno zinafaa kwa meza. Kwaresma watu wananunua vitabu vya sala.

Wasomaji wa majaribio wawe watano, wasiwe wote wa kanisani kwako. Chagua mmoja aliyewahi kushika mzani, mmoja Mwislamu, mmoja wa sekondari, katekista au mwalimu wa Jumapili, na mmoja asiyependa kusoma. Usiwaulize "umeonaje?", watakusifu. Waulize: uliweka kitabu chini ukurasa wa ngapi? Nani humwamini? Sentensi gani uliiruka? Wasomaji watatu wakiruka mahali pamoja, pakate, hata kama ni aya unayoipenda.

Kwa mwenye zamu ya ibada: usiandike riwaya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mtu akiandaa mahubiri, kichwa kinabaki na mdundo wa mimbari, na wahusika wote wanaanza kusema "wapendwa". Andika Jumatatu hadi Alhamisi. Umeme ukikatika, tumia kaunta buku, na andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache kwa masahihisho. Ukichapisha kwenye steshenari, mwombe azime masahihisho ya Kiingereza kwenye kompyuta, kwa kuwa yanageuza "hata" na "kama" kuwa maneno mengine na jicho linapita bila kuona. Mwisho wa kila wiki jitumie faili kwa barua pepe. Flashi peke yake haitoshi.

---

Kalamu ya Chikundi

Nimeandika yote. Limebaki moja. Mpwa wa Simoni, kama alivyosema kaka Mhariri, sasa ameingia kwenye hadithi. Je, mjomba amtaje mbele ya wanachama au amfiche?

---

Mhariri wa Kusini

Usiamue wewe, mpe mpwa nafasi ya kuamua. Simoni aende kwake usiku wa kuamkia mkutano mkuu, amwambie idadi tu: kilo mia tatu, magunia kumi na matano. Mpwa asijibu. Usimfanye alie wala akasirike, awashe bodaboda aondoke. Sura inayofuata ianzie kwenye mkutano. Mwenyekiti anasoma agenda, viti vimepangwa chini ya mwembe, Simoni anamtafuta mpwa kwa macho na hamwoni. Ananyanyua mkono aombe nafasi ya kusema. Ndipo bodaboda inasikika barabarani, na msomaji asijue bado inakuja au inapita.

Sura hiyo usizidishe maneno 1,200, na kusiwe na aya hata moja.